Uzi wa wapenda roboti wa makopo na vyombo vya anga vya maboksi: karibuni tuongee

MKONO WA BATI (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Humu tuna nyuzi za simu, za magari, za viwanja, za mpira. Leo naomba nifungue uzi wa vitu vya kuchezea, tena aina moja tu ninayoipenda kupita zote: roboti, vyombo vya anga na viumbe wa sayari za mbali waliotengenezwa kwa mkono, kwa makopo, waya, maboksi, vitambaa na chochote kilichokuwa karibu na fundi. Ninavitengeneza, nimevikusanya vichache, na habari zake nimezisoma kwa miaka. Nitaandika kirefu, mwenye haraka aende moja kwa moja kwenye michango ya wenzetu huko chini.

Naanza na hoja yenyewe ili anayeipinga aipinge mapema. Roboti wa kopo anayeundwa uani ana undugu wa karibu na roboti wa kwenye filamu kuliko yule wa plastiki anayeuzwa dukani. Wa dukani amechukua sura ya kwenye filamu. Wa uani amechukua jinsi kile cha kwenye filamu kilivyotengenezwa, na hapo ndipo penye utamu wake.

Chukueni Dalek. Mwaka 1963 BBC ya Uingereza ilianza kurusha Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya safari za anga na za wakati, na mwishoni mwa mwaka huo huo wakatokea hawa maadui wasio na miguu, wanaoteleza sakafuni na kutoa sauti ya kukwaruza. Aliyewachora ni Raymond Cusick, mfanyakazi wa idara ya ubunifu ya BBC, na fedha alizopewa zilikuwa kidogo. Mkono mmoja wa Dalek ni ile fimbo yenye kikombe cha mpira ya kuzibulia sinki. Hawakuificha wala kuibadilisha sura, waliichomeka hivyo hivyo. Nchi nzima ikaogopa.

Au ule upanga wa mwanga wa Star Wars, filamu iliyotoka 1977. Mpini alioushika shujaa wake, Luke Skywalker, ulianza maisha kama mpini wa flashi ya kamera za zamani za Graflex. Roger Christian, aliyekuwa akipamba seti, aliikuta mipini hiyo katika duka la vifaa vya picha London, akaibandika vipande vya plastiki nyeusi pa kushikia na kijipande kilichotoka kwenye kikokotoo. Basi. Chombo maarufu kuliko vyote katika filamu za aina hiyo ni flashi ya mpiga picha iliyoongezwa gundi.

Vyombo vya anga vya filamu hiyo navyo vilijazwa vipande vya seti za plastiki za kuunganisha, zile wanazouziwa watoto: vifaru, ndege za kivita, meli, magari ya mashindano. Mafundi walinunua maboksi kwa maboksi, wakavunja, wakabandika vikorokoro juu ya umbo la chombo mpaka macho yako yaamini kwamba ndani kuna mitambo. Hata kabla ya hapo, mwaka 1965, katika Thunderbirds, kipindi cha vikaragosi cha Uingereza, timu ya Derek Meddings ilibandika kikamulio cha limau cha plastiki kwenye ukuta wa handaki la kurushia roketi. Ukishaambiwa huwezi tena kutokiona, lakini handaki linabaki handaki.

Kwa hiyo mtoto anayechukua kifuniko cha chupa na kukifanya dirisha la chombo cha anga hajaingia kwenye kazi hii kwa mlango wa nyuma. Anafanya hatua ile ile aliyoifanya Cusick. Anakitazama kitu, anaona umbo lake tu, anakivua kazi yake ya jana na kukivisha kazi ambayo bado haipo duniani. Gari la waya linataka kufanana na gari lililopita barabarani, na lisipofanana watoto wenzake watasema. Chombo cha anga hakina cha kufananishwa nacho, na huo ni uhuru mkubwa mno kwa mtu wa umri wa miaka tisa.

Kuna kisa kimoja ambacho lazima nikiweke. Thunderbirds ilirudishwa hewani Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Krismasi ya 1992 kila mtoto akataka mfano wa kisiwa cha Tracy, ile kambi ya siri ya roketi. Maduka yakaishiwa. Mwanzoni mwa 1993 kipindi cha watoto cha Blue Peter kikaonyesha, mtangazaji Anthea Turner akiwa mezani, namna ya kujitengenezea kisiwa hicho nyumbani kwa maboksi, vikopo vya mtindi, karatasi na rangi. Maombi ya karatasi ya maelekezo yakamiminika BBC kupita walivyotarajia. Leo hii watu waliokuwa watoto wakati ule wanakisimulia kisiwa chao cha maboksi kwa upendo kuliko kile cha dukani, na ninawaelewa kabisa, kwa sababu waliotengeneza cha maboksi walijua kila pango lilivyoingia.

Sasa twende Japani, maana huko ndiko roboti wa bati alikokulia.

Vita viliisha Agosti 1945. Nchi imeungua, chuma hakuna, viwanda vimelala. Katika mji wa Otsu alikuwepo mtengenezaji wa vichezeo aitwaye Matsuzo Kosuge. Aliokota makopo ya chakula yaliyotupwa na wanajeshi wa Marekani, akayanyoosha na kuyakata, akaunda kijigari cha jeep. Kabla mwaka haujaisha vilikuwa vinauzwa dukani Kyoto. Kutoka katika mabati ya namna hiyo, ya kuokoteza, tasnia nzima ikasimama upya. Vichezeo vya miaka hiyo vilivyosafirishwa nje vilipigwa muhuri wa "Japani iliyokaliwa", yaani iliyo chini ya majeshi ya kigeni, na wakusanyaji wanajua kwamba ukikifungua kimoja unaweza kukuta kwa ndani bado kuna maandishi ya kopo la zamani. Kwa nje ni gari au roboti, kwa ndani ni kopo la chakula. Mimi sijui kitu kingine chochote cha kuchezea kinachonigusa kama hicho.

Miaka ya 1950 roboti wakashamiri. Masudaya, Nomura, Yonezawa na Horikawa zilikuwa kampuni za Tokyo, na kazi nyingi ilipita mikononi mwa mafundi wadogo na hata akina mama waliopelekewa vipande majumbani waviunganishe. Bati lilichapwa rangi likiwa bado bapa, ndipo likakatwa na kukandamizwa kwenye kalibu. Vipande vilishikana bila gundi wala skrubu: kipande kimoja kina masikio, kingine kina matundu, sikio linapita tunduni na kukunjwa. Ukimshika roboti wa zamani mpindue, utayaona masikio yake mgongoni na nyayoni.

Na hapa kuna mzunguko mzuri. Mwaka 1956 filamu moja ya Marekani ilimleta Robby, roboti mwenye kichwa cha kuba la plastiki angavu. Mmoja wa waliochora michoro ya kumjenga ni Robert Kinoshita, Mmarekani mwenye asili ya Japani, ambaye wakati wa vita alifungiwa kambini Arizona yeye na mkewe kwa sababu ya asili yao tu. Robby alipotoka, warsha za Tokyo zikatengeneza roboti wa bati wanaofanana naye kwa wingi na kuwauza Marekani. Mwaka 1965 Kinoshita huyo huyo akabuni roboti mwingine wa televisheni aliyependwa sana. Alifariki 2014, akiwa na miaka 100. Nikimwangalia roboti yeyote mwenye kichwa cha kuba nakumbuka kwamba sura ile ilipita katika mkono wa mtu aliyenyimwa nyumba yake, kisha akawapa watoto wa nchi ile ile rafiki wa kucheza naye.

Nimeishia hapo kwa leo. Leteni vyenu: mnachotengeneza, mlichowahi kuchezea, na mnaopinga karibuni pia.

MAMA WA WAWILI

Kaka Mkono wa Bati, umeandika vizuri na nimesoma hadi mwisho. Lakini niulize kama mzazi. Mwanangu wa darasa la tatu alitengenezewa roboti na babu yake, kopo la maziwa ya unga kiwiliwili, kopo la kiwi kichwa. Alimpenda siku zile za mwanzo. Akampeleka shule, wenzake wana wale wa plastiki wanaofanana kabisa na wa kwenye katuni, wanawaka taa na kuongea. Amerudi, kamweka juu ya kabati, hamgusi. Utamwambia nini mtoto wa namna hiyo? Mambo ya Japani hayajui.

MKONO WA BATI

Mama, asante, na umeuliza swali gumu.

Mimi nisingemwambia habari za Japani wala nisingemsifia kopo. Ningemuuliza roboti wake anaitwa nani, anatoka wapi na anaweza nini. Yule wa plastiki ameshapewa jina, sauti, adui na mwisho wa hadithi yake, na wenzake wote darasani wana yule yule mmoja. Wa babu hana hata kimoja, kwa hiyo mwenye kuvitoa ni mwanao. Halafu mpelekeni kwa babu mwenyewe wamwongezee kitu pamoja: taa ya tochi iliyoharibika iwe jicho, antena ya redio mbovu kichwani. Roboti wa plastiki hafunguki bila kuvunjika. Wa kopo unamfungua Jumamosi, jioni ana mkono wa tatu.

Na ukiweza, mwonyeshe picha ya mkono wa Dalek. Watoto wanapenda sana kugundua kwamba watu wazima wa televisheni walitumia kizibuo cha sinki.

MZEE WA GEREZANI

Vijana, nimepita humu nikavutwa na habari ya masikio na matundu. Sisi mafundi bati wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, tumekunja hivyo miaka yote. Vibatari, mafaneli, makopo ya kupimia, vikaangio vya chapati, yote ni kukunja pindo. Sioni tofauti ya mkono wa fundi kibatari na huyo wa Tokyo, isipokuwa yeye alikuwa na mashine ya kukandamiza.

Anayetaka kuunda roboti asikilize haya. Bati la kopo likikatwa ni wembe. Usiache ukingo wazi hata siku moja. Acha nusu sentimita ya ziada, ikunje kwa ndani kwa koleo, kisha ilaze kwa nyundo ya mbao au nyundo ya chuma iliyofungwa kitambaa. Ukingo uliokunjwa haukati na unalipa bati nguvu, halibonyei ovyo. Tundu litoboe kwa msumari huku kopo limevalishwa kwenye gogo, siyo hewani, maana hewani litabonyea na sikio halitakaa. Mkasi uwe wa bati. Na makopo ya kupulizia, ya dawa ya mbu au ya marashi, msiyaguse kabisa. Gesi hubaki humo hata ukidhani limekwisha.

MKONO WA BATI

Shikamoo mzee wetu. Hii ya kuvalisha kopo kwenye gogo ni dhahabu. Naomba kuuliza: kuungia kichwa na kiwiliwili unashauri kulehemu au kukunja?

MZEE WA GEREZANI

Marahaba. Kichwa kikunje ili kigeuke. Chora duara juu ya kiwiliwili, toboa tundu la katikati, na chini ya kopo la kichwa acha masikio manne. Yapitishe, yakunje kwa ndani bila kukaza sana. Kitageuka kushoto na kulia. Kulehemu weka mahali pasipotakiwa kutikisika, kama vile bega. Lehemu nyingi ina madini ya risasi ndani, kwa hiyo fanyia nje, na mtoto asishike mpaka umeosha na kupaka rangi pale. Mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni asipewe kabisa chenye lehemu.

JIRANI NAIROBI

Niaje watu wangu. Huku kwetu ukienda Kamukunji utasikia nyundo kabla hujaona watu, ni bati mtindo mmoja, masanduku, sufuria, jiko. Mzee nakuheshimu, umesema ukweli.

Nataka kuongeza jina la Cyrus Kabiru kwenye hii thread. Ni msanii wa Nairobi, alizaliwa 1984, amekulia karibu na jalala la Dandora. Anatengeneza miwani mikubwa ya ajabu kwa taka za kielektroniki, waya, vijiko, vipande vya redio, anaiita C-Stunners. Ukivaa unaonekana umetoka miaka mia mbili mbele. Ameshasimulia kwamba alianza akiwa mtoto, alitaka miwani na babake hakumnunulia, akajitengenezea. Ile kazi ilianza kama kichezeo na leo iko kwenye majumba ya sanaa ya dunia. Pia ana kazi za baiskeli za Black Mamba, zile nzito za zamani, amezichukua zikiwa zimetupwa na boda boda zimeshika soko.

Ninachopenda ni kwamba hafichi. Kijiko unaona ni kijiko. Nafikiri ndiyo hoja ya mwenye uzi.

MKONO WA BATI

Ndiyo yenyewe, ndugu yangu. Ukificha kijiko unabaki na umbo tu. Ukikiacha kionekane, mtazamaji anaona vitu viwili kwa pamoja, kijiko na kesho, na kichwa chake kinaanza kufanya kazi.

MWANA WA LUBUMBASHI

Jambo bandugu. Mimi niko Congo, nitasema kidogo.

Kuna marehemu Bodys Isek Kingelez, alizaliwa 1948, akafa 2015. Alikuwa anatengeneza vitu vya zamani kuwa vizuri tena katika makumbusho ya Kinshasa, kisha akaacha akaanza kujenga miji. Miji mizima ya mezani, kwa karatasi, maboksi, vifuniko vya chupa, makopo ya soda, pakiti za sigara. Si miji iliyopo. Mmoja wa 1994 unaitwa Kimbembele Ihunga, ni kijiji alichozaliwa, lakini amekijenga kama kitakavyokuwa siku zijazo, na majengo marefu ya rangi na uwanja wa mpira. Mwingine wa 1996 ni Ville Fantôme, na alieleza kwamba katika mji huo hapana polisi kwa sababu amani ipo. Mwaka 2018 MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York, ilimfanyia maonyesho makubwa. Yeye hakuviita vichezeo, na ni haki yake, maana alitaka vitazamwe kama mapendekezo ya mji wa kweli. Lakini mtoto yeyote wa hapa aliyejenga nyumba ya boksi anaelewa lugha ile mara moja.

Pia Kinshasa kuna Kongo Astronauts, Eléonore Hellio na Michel Ekeba. Suti za wanaanga zimetengenezwa kwa taka za simu na kompyuta, na mtu anatembea nazo barabarani mchana. Fikirieni Congo ndiyo inatoa madini ya kobalti na koltani yanayoingia ndani ya vyombo vile, halafu vyombo vikifa mwili wake unarudi kuwa nguo ya mwanaanga wa Kinshasa. Mimi nikiona hiyo suti moyo unasimama.

Na roboti wa kuongoza magari wa Kinshasa, wa 2013, wa injinia Thérèse Izay, wale wa aluminiamu wenye umeme wa jua. Vile ni vyombo vya kazi, si vichezeo. Lakini mtoto aliyemuona roboti mwenye taa kifuani akisimamisha mabasi hana haja ya filamu tena kumwambia roboti anafananaje.

SINDANO NA UZI

Mbona mmejaa bati tupu? Roboti wa kitambaa yupo.

Mimi nashona viumbe wa sayari nyingine kwa mabaki ya vitenge na kanga ninayochukua kwa mafundi cherehani. Faida ya kitambaa ni kwamba mtoto analala naye. Roboti wa kopo huwezi kumkumbatia usiku, hata ukingo ukikunjwa vipi. Pamba ya mto uliochakaa ndani, macho nadarizi kwa nyuzi wala siweki vifungo, maana kifungo hung'oka na mtoto humeza. Pindo la kanga lenye maua yanayojirudia likikatwa vizuri linakuwa ngozi ya kiumbe asiyejulikana, madoadoa yake yako sawa pande zote mbili bila mimi kuchora chochote.

Na kwa kuwa mmemtaja Dalek, nawakumbusha kwamba kipindi hicho hicho kina skafu maarufu kuliko zote. Mwaka 1974 Daktari mpya, yaani mhusika mkuu wa kipindi, alipokuja akiigizwa na Tom Baker, mfumaji Begonia Pope alipelekewa nyuzi za rangi nyingi ili afume. Hakuambiwa urefu, akazifuma zote. Skafu ikatoka ndefu ya kuburuzika, mwigizaji akaivaa hivyo hivyo, na ikawa ndiyo alama yake. Tangu hapo watu wameifuma majumbani mwao, mstari kwa mstari, wakihesabu rangi. Kwa hiyo wafumaji nasi tuna hisa katika hadithi hizi.

MKONO WA BATI

Dada, umenifurahisha, na nakubali kabisa kwamba nilisahau upande wenu. Kanga kuwa ngozi ya kiumbe wa mbali, hiyo lazima niione kwa macho. Tunaomba picha.

Halafu umegusa jambo ambalo nataka tulikazie. Skafu ile ilipata urefu wake kwa sababu nyuzi zilikuwepo. Kopo nalo linatoa maelekezo. Ukiwa na kopo la mviringo roboti wako atakuwa mnene, ukiwa na la mafuta lenye pembe nne atakuwa na mabega. Ninapoanza kazi sichori kwanza. Napanga makopo juu ya meza, nayahamisha, hadi mmoja anatokea. Kiwandani haiwezekani, kwa sababu kalibu huja kwanza na kila kitu huifuata.

HESABU KWANZA

Mleta uzi, naheshimu mapenzi yako, ila nitakuwa mkweli. Mtu akitumia siku nzima kukunja bati atauza bei gani? Wa plastiki wa kutoka China ni bei ya soda chache. Hakuna biashara hapa. Na wakianza kutengeneza wale wahusika wa filamu, wenye haki zao wapo.

MKONO WA BATI

Mkuu, la pili nakubaliana nawe moja kwa moja. Ukitaka kuuza, usiuze mhusika wa mtu. Buni wako. Ni halali na ni bora zaidi.

La bei, ni kweli kwamba kwa mzazi anayetafuta zawadi ya haraka huwezi kushindana na plastiki, na mimi sishindani. Wanunuzi wa vitu hivi ni watu wanaotaka kimoja ambacho hakuna mwingine anacho. Angalia tena Japani. Kuna aina ya mazimwi ya vinyli laini, aina ya plastiki inayobonyea, yalianza kutengenezwa kwa wingi 1966 na kampuni ya Marusan. Hadi leo kuna warsha ndogo zinazoyatoa kwa mkono: vinyli ya majimaji inamiminwa kwenye kalibu ya chuma, kalibu inachovywa kwenye mafuta ya moto, tabaka la nje linaganda, ya katikati inamwagwa, kisha fundi analichomoa zimwi kwa koleo likiwa bado la moto. Rangi inapuliziwa moja moja. Yanatoka machache, wapenzi wanapanga foleni. Hawanunui plastiki, maana plastiki imejaa kila mahali. Wananunua uamuzi wa mtu mmoja kuhusu jino hili liwe wapi na rangi hii iishie wapi.

Lakini hata kama nisingeuza hata kimoja, ningeendelea. Sikuuleta uzi huu kama uzi wa biashara.

MWALIMU WA SAYANSI

Natoa mchango mdogo. Nimewatumia roboti wa makopo darasani kufundisha saketi. Mwanafunzi anayechora saketi daftarini anasahau. Anayetaka jicho la roboti wake liwake hasahau kwamba taa ya LED ina upande wa chanya na hasi, kwa sababu akikosea jicho haliwaki.

Swali kwa mleta uzi: mnamtembezaje? Wanafunzi wangu wamefika kwenye taa, wanataka atembee, na magurudumu wanayakataa. Wanasema roboti mwenye magurudumu ni gari.

MKONO WA BATI

Mwalimu, wanafunzi wako wana msimamo, nawapenda.

Njia rahisi ni ya kutetemeka. Tafuta mota ndogo kwenye DVD iliyokufa, ile inayofungua na kufunga trei. Inaendeshwa vizuri na betri mbili ndogo. Kwenye ncha ya mota bandika kitu kizito upande mmoja tu, kwa mfano kipande cha kifutio chenye msumari mdogo uliochomwa pembeni. Ikizunguka, uzito usio katikati unaivuta mota huku na huku, na roboti mzima anatetemeka. Mpe miguu mitatu ya waya mgumu, si minne, maana mitatu hukaa imara kwenye sakafu yoyote. Ncha za chini zipinde zielekee nyuma kidogo. Kila akiruka anatua akisogea mbele. Kugeuza njia, pinda mguu mmoja zaidi.

Njia ya pili inafuata roboti wa bati wa zamani. Wengi wao hawanyanyui miguu kama sisi. Chini ya kila unyayo kuna kigurudumu kidogo chenye meno kinachokubali kuzunguka mbele tu na kukataa kurudi nyuma. Ndani, mota au springi inasukuma mguu mmoja mbele huku mwingine ukirudi nyuma, kwa kupokezana. Mguu unaokwenda mbele unateleza, unaorudi nyuma unagoma na kumsukuma roboti. Ukimtazama kwa mbali anatembea. Kigurudumu hicho unaweza kukipata kwenye magari ya kuchezea yaliyoharibika, au ukatumia ukanda wa tyubu ya baiskeli uliokatwa meno yanayolala upande mmoja, ukaugundisha chini ya unyayo. Mpira utateleza ukienda na kukamata ukirudi. Kusukuma miguu, fungia kwenye mhimili mmoja waya uliopindwa kama mkono wa kuzungushia kamba ya ndoo kisimani, mguu wa kulia ushikane na pindo la juu na wa kushoto na la chini.

Waambie wasiweke betri kichwani. Kila anayeanza hutaka kuziweka huko kwa sababu kichwa kina nafasi, kisha roboti anaanguka kifudifudi. Ziende chini, karibu na nyonga. Na wapitishe nyaya kwenye kipande cha mrija wa soda pale zinapopita kwenye tundu la bati, vinginevyo ukingo wa tundu utaikata plastiki ya waya na saketi itaguswa na mwili mzima.

Wakimaliza, waombe wasipake rangi kopo lote. Waache upande mmoja na maandishi yake.

MAMA WA WAWILI

Samahani narudi. Nimemuuliza jina la roboti kama ulivyosema. Anaitwa Kapteni Unga, kwa sababu ya maandishi ya maziwa ya unga ubavuni. Sasa anataka chombo cha anga cha kumtosha na hataki cha boksi, anataka kiwe cha bati. Mzee wa Gerezani, shikamoo. Kopo gani linafaa?

MZEE WA GEREZANI

Marahaba mwanangu. Tafuta debe la mafuta ya kula la lita 5, lile la bati la pembe nne, lioshwe kwa maji moto na sabuni. Upande mmoja mpana ufanye mlango, uache umeshikana kwa chini ili ufunguke na kulala kama ngazi ya kupandia. Kingo zote za mlango zikunjwe kabla hajamwingiza huyo kapteni. Pima kwanza urefu wake pamoja na antena.